Nukta Chini ya Neno

Mara ya nne Ladan aliita kuhusu nukta kwenye picha ya hati, na mara ya nne Kalpesh, msimamizi wake, akajibu bila kuinua macho: "Ni uchafu, dada. Ngozi ya kuandikia ya miaka mia saba, nzi wameinyea. Bonyeza tu."

Kubonyeza "Imehakikiwa" ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Programu ilisoma hati za mahakama za kale, yeye akalinganisha maumbo ya herufi na picha. Kilatini cha hati hizo hakukijua, na shule aliishia darasa la nane kule Garissa. Walimchukua kwa ukali wa macho yake, kwa majaribio. Kurasa mia tatu zikiwafikia wateja saa kumi, mkataba ni wake. Zisipofika, anarudi kiwandani Saltley, huku huku ughaibuni, kubandika lebo.

Ulibaki ukurasa mmoja. Tafsiri chini ya picha ilisema: mwizi wa ng'ombe anyongwe, aende zake kwa amani.

"Bwana Kalpesh, ataendaje zake na kamba shingoni?"

"Mambo ya Wazungu wa kale hayo. Programu ina uhakika asilimia tisini na nane!"

"Basi iulize hizo mbili zimepotelea wapi."

Kalpesh, aliyerithi Kiswahili kwa mama yake wa Kisumu na ukaidi haijulikani kwa nani, akaja akiburuta miguu. Ladan akazima kitufe cha kusafisha picha. Nukta zikajitokeza, zimejipanga kama shanga chini ya neno ambalo programu ilitafsiri "anyongwe". Kisha akafungua kurasa ishirini za mfano walizoletewa na wateja, zilizonakiliwa kwa mkono na profesa wao. Kila penye nukta, profesa aliliruka neno.

"Nzi gani hunya kwa mstari? Karani alikosea, akalifuta neno lake hivyo. Sisi tunafuta kufuta kwake."

Kalpesh akavua miwani. "Kitufe kimewashwa tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa kwanza. Nilikwambia Jumatatu."

"Uliniambia?"

"Ukasema nzi."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. "Bonyeza huu, dada yangu. Tutarekebisha baadaye. Fikiria mkataba."

Ladan aliufikiria. Akaifikiria na gundi ya lebo, inavyoganda kwenye kucha. Akabonyeza "Kataa Zote", na kurasa mia tatu zote zikarudi nyekundu.

Kalpesh alishika kichwa, akasonya, mwishowe akaketi kuwaandikia wateja: tumegundua kasoro, tunaomba wiki moja.

"Tatu," Ladan alisema nyuma ya bega lake. "Na uwaambie nani atazisoma kurasa upya."

Kalpesh akafuta moja, akaandika tatu, akamsukumia kibodi kwa hasira.

"Jina lako andika mwenyewe."