Mbwa na Maganda ya Embe Dodo

Bi Badriya alizaliwa na kinyaa, na katika vinyaa vyake vyote hakuna kilichomshinda mbwa. Mwaka ule wa mgomo wa makuli, mumewe alipompangisha karani mmoja wa Kihaya chumba cha uani kwao Temeke, alimkubali karani, akamkubali na mkewe Genoveva. Mbwa wao alimkubali kwa kusonya.

Siku moja wanawake hao wawili walimenya maembe dodo pamoja, maana kesho yake wangekuja wageni wa kumposa binti wa Bi Badriya. Kufika jioni, pete ya ndoa ya Bi Badriya haipo kidoleni. Nani mwingine alikuwapo? Akutukanaye hakuchagulii tusi: alimwita Genoveva mwizi mbele ya majirani, akamwambia ifikapo Jumapili chumba kiwe kitupu.

Asubuhi mbwa akatapika, tena ukumbini, mahali pa kupokelea wageni. Rojo la manjano lenye povu na nyuzinyuzi za embe, likinuka uchachu hadi Bi Badriya akajiziba pua kwa upindo wa kanga.

"Umemlisha nini huyo mdudu?"

"Maganda ya jana, mama. Kwetu mbuzi wanakulaga, nikajua na mbwa ataweza."

"Mbwa si mbuzi. Ganda la embe tumbo lake haliliwezi, litamkwama afie humu ndani. Zoa najisi yako."

Genoveva akapiga magoti, akaanza kuzoa kwa kifuu cha nazi. Ganda moja lilikuwa limemezwa zima, limejikunja. Alipolikunjua, ndani mlikuwa na pete.

Bi Badriya akasogea, akarudi nyuma. Pete aliyovishwa na mumewe imelala kwenye matapishi ya mbwa, na mkono wake ulikataa katakata kuigusa. Genoveva ndiye aliyeitoa kwa vidole vitupu, akaiweka kizingitini.

Bi Badriya akaleta maji na udongo, akaiosha mara saba kama sheria ya dini inavyotaka kwa najisi ya mbwa, uso kaukunja. Kisha akasema, bila kumtazama mwenzake, kwamba ile habari ya Jumapili imekwisha.

"Pete imetoharika, mama," alisema Genoveva, bado amepiga magoti penye uchafu. "Na mdomo ulioniita mwizi, nao utauosha mara ngapi?"