Mafundo kwenye Waya wa Trela

Nahodha hakupiga honi kama watu wengine. Aliingiza gari uani kwetu, trela nyuma, boti juu ya trela, akashuka akiwa ameshatanua mikono. "Chiriku!" akaita. Sikujua anamwita nani mpaka mke wangu alipotoka gereji mbio, bisibisi mkononi, anacheka kabla hajaambiwa cha kuchekesha.

Miaka yote niliyoishi na mwanamke huyu, sikuwahi kusikia kwamba kuna mtu anamwita Chiriku.

Nahodha ndiye aliyetaka kumwoa kabla yangu. Alishafika hadi kwao kujitambulisha, kisha mambo yakavunjika, kwa sababu ambayo kila nikiuliza napewa jibu jipya. Hilo jina la Nahodha alijipa mwenyewe. Boti yake huonekana zaidi barabarani kuliko majini.

"Shemeji!" akanigeukia, akanipiga bega. "Mzima lakini?"

"Mzima," nikasema. Shemeji kwa lipi? Mtu alitaka kumwoa mke wangu, leo anajifanya kaka yake.

Shida yake ilikuwa plagi ya trela, ile inayochomekwa nyuma ya gari ili taa za trela nazo ziwake. Ilichomoka njiani ikaburutwa kwenye lami. Ganda lilikuwa limesagika upande mmoja, pini mbili zimepinda, zilizobaki zimeliwa na kutu. "Jioni nateremka nayo mlimani," akasema, "na ile barabara ni ya malori. Nikifunga breki na taa haziwaki, watanipanda mgongoni."

Mke wangu akamletea kiti. Si lile benchi wanalokalia wateja. Kiti cha ndani, chenye mto. Kikafuata kikombe cha maua, kile ambacho mimi nikikigusa naulizwa kuna mgeni gani. Nikachukua kisu na koleo, nikachuchumaa nyuma ya gari, mgongo nimewapa wao, masikio pia nimewapa wao.

Kuna jambo ambalo wateja wetu hawalijui. Mimi ni fundi umeme wa magari, na macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwangu zote ni tope. Mke wangu aligundua tulipoanza kufanya kazi pamoja, na hakunicheka wala hakumwambia mtu. Alichukua uzi mweusi wa cherehani, akaanza kunifungia mafundo kwenye nyaya. Fundo moja ni nyekundu, mafundo mawili ni kijani, kisha anazungushia utepe juu yake. Mimi napapasa kwa kidole gumba, najua. Ni lugha yetu sisi wawili. Katika ndoa yetu sina kitu ninachokipenda kama mafundo yale, na sijawahi kumwambia.

Nikaikata plagi mbovu, nikabandua utepe wa zamani uliofunika nyaya. Kidole gumba kikagusa fundo. Nikapapasa waya wa jirani: mafundo mawili. Uzi mweusi, ncha moja imeachwa ndefu kuliko nyingine, vilevile anavyoiacha yeye siku zote.

Trela ile haikuwahi kupita mikononi mwangu.

Roho ikanichoma. Yaani alikuwa akimtengenezea, mimi nikiwa wapi? Na mafundo je? Pengine aliyaanza na huyu, mimi nikaja kupewa makombo. Nyuma yangu Nahodha alikuwa anasimulia siku walipopotea njia wakitoka shule, na mke wangu anacheka huku ameshika mbavu. Mimi nikichekesha, hunitazama kwanza kuhakikisha kama nimemaliza.

Plagi mpya ilikuwa juu ya goti langu, skrubu zake wazi. Nikaushika waya wa fundo moja, ambao ni wa breki, nikaufunga kwenye nafasi ya indiketa ya kulia. Ule wa mafundo mawili, wa indiketa, nikauweka kwenye nafasi ya breki. Nikakaza skrubu. Sijawahi kukaza skrubu vizuri namna ile. Akikanyaga breki, aonekane anakata kulia, tumwone huyo nahodha. Na ikigundulika, macho yangu yatabeba lawama. Mke wangu hata angenionea huruma.

"Tayari," nikasema.

Kupima taa ni kazi ya watu wawili. Mke wangu huingia kwenye gari, mimi husimama nyuma. Yeye anawasha, mimi natazama, kisha napaza sauti. Kule mbele yeye haoni kitu. Ana neno langu tu. Nahodha alikuwa ameingia gereji, anaongea na simu.

"Kushoto!" mke wangu akaita. Indiketa ya kushoto ikawa inawaka na kuzima.

"Sawa!"

"Kulia!" Taa za breki, zote mbili, zikawa zinawaka na kuzima.

"Sawa!"

"Breki!" Indiketa ya kulia ikawaka peke yake, ikatulia.

"Sawa!" nikasema kwa sauti.

Akashuka. Hakuuliza mara ya pili, na hajawahi kuuliza mara ya pili tangu tuanze kazi.

Nahodha akatuaga kwa mbwembwe zake, "Chiriku, usipotee," akawasha gari, akaanza kuligeuza taratibu uani. Mke wangu alikuwa kando yangu anafuta mikono kwa tambara.

"Uliyakuta mafundo yangu?" akauliza. Anatabasamu, tena bila aibu.

"Niliyakuta. Ulimfungia nani?"

"Nimfungie nani? Wewe."

"Trela hii mimi sijawahi kuigusa."

"Si ulikuwa kwenu unamuuguza mama? Ilikuja hapa taa zimekufa, nikatengeneza. Nikasema, ikirudi siku mimi sipo, utaishikaje? Kila kilichopita hapa wakati ule nilikifungia. Hata lile lori la mchanga, ambalo mwenyewe aliapa harudi tena."

"Hukuniambia kwamba alikuja."

"Nikuambie ili unune wiki nzima?"

Trela ilikuwa imeshafika langoni. Nilikimbia, nikaufikia ubavu wa boti, nikaupiga kwa viganja vyote viwili. "Simama! Simama!"

Gari likasimama. Nahodha akatoa kichwa dirishani. "Vipi tena, shemeji?"

Mke wangu akanifikia anahema. "Kuna nini?"

"Breki si sawa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Wala kulia."

"Mbona ulisema sawa?"

"Nilisema."

Akanitazama. Kisha akanisogelea, Nahodha asisikie, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Macho?"

Mwingine angenibana pale pale. Yeye alikuwa ameshanifungulia mlango wa kutokea, kilichobaki ni mimi kuitikia kwa kichwa nipite, na jioni ningeletewa chai kwa upole. Nilitamani kupita. Lakini vidole vyangu bado vilikuwa vinayakumbuka yale mafundo.

"Si macho," nikasema.

Tabasamu lilimtoka taratibu. Akakunja lile tambara, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akamgeukia Nahodha. "Waya umelegea," akamwambia. "Shuka kidogo, ni kazi ya dakika." Ni mwanamke asiyedanganya wateja, na pale alidanganya kwa ajili yangu bila hata kunitazama.

Nikachuchumaa, nikafungua plagi, nikarudisha kila waya mahali pake. Skrubu moja iliniponyoka mara kadhaa. Nilipomaliza nikainuka, nikaenda kusimama nyuma ya trela, mahali pangu.

"Hapana," mke wangu akasema. "Ingia wewe kwenye gari. Nitatazama mwenyewe."

Nikakaa kwenye kiti cha Nahodha, nikakanyaga breki. Kwenye kioo nilimwona ameinama mbele ya taa moja, akaitazama kwa muda, akazunguka akaitazama ya pili. Kisha akaigusa kwa kidole, kana kwamba hata kuona hakutoshi.

"Sawa?" nikauliza.

Akaniagiza kulia, akaniagiza kushoto, akarudi tena kwenye breki, na mimi nikawa nakanyaga tu, shingo nimeigeuza, nasubiri. Hatimaye nikamsikia akisema, "Sawa." Alikuwa anamwambia Nahodha.