Kiganja cha Zabibu

Mbwa yule aliitwa Karani kwa sababu hakuna aliyeingia saluni bila kupita mbele yake. Alilala kizingitini, kidevu juu ya miguu, akimkagua kila mteja kuanzia viatu hadi kichwani. "Karani, tumefika, tuandike," walimtania, naye alipiga mkia sakafuni mara moja, kama mtu anayegonga mhuri.

Msusi alimwokota mtaroni akiwa kitoto cha mbwa, mwaka ule mimba yake ya pili ilipoharibika. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuuliza kitu. Alimtengenezea bakuli la bati, akakwangua kingo zake zisimkate ulimi. Nyumba ikawa na mtu wa tatu.

Wa nne alikuwa wifi. Dada mkubwa wa mume aliachika, akaja kupumzika siku mbili tatu, akapumzika mpaka godoro la chumba cha wageni likachukua umbo lake. Alikuwa mcheshi na mpishi hodari, ila ulimi wake ulikata kuliko mkasi wowote wa saluni. "Wengine wanalea watoto, wengine wanalea mbwa," alisema siku moja akipakua chakula. "Kila mtu hupewa anachoweza kukibeba." Mume alicheka kidogo, kisha akainamia sahani yake. Msusi hakucheka.

Mara Karani akaugua. Alikuwa amedokoa sufuria ya rosti iliyojaa vitunguu. Ufizi ukampauka, mkojo ukawa na rangi ya chai. Daktari wa mifugo alimtibu, akapona, na Jumapili wakiwa mezani msusi aliona heri awaeleze wote.

"Jamani, vitunguu na vitunguu saumu vinamharibia damu. Chokoleti inamsimamisha moyo. Zabibu ndiyo kabisa, ziwe mbichi au kavu."

"Zabibu kavu?" Wifi aliacha kutafuna. "Hizi hizi za kutia kwenye keki?"

"Hizi hizi, wifi. Kiganja kimoja tu kinaweza kumuua figo."

"Makubwa! Na sisi tunazila tunanenepa," alisema wifi, na wote wakacheka, msusi pia. Alifurahi kwamba safari hii wifi amemsikiliza.

Haukupita muda Karani alitapika nyuma ya mlango wa jikoni. Msusi alipiga magoti na tambara mkononi, akaona vidonge vyeusi vilivyovimba kwa maji. Alikibonyeza kimoja kwa kidole. Mbegu ikatoka. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuoka keki. Alifunua ndoo ya taka, na chini ya maganda ya viazi akakuta pakiti tupu ya zabibu kavu, imekunjwa ikakunjika.

Daktari alijaribu. Alimtundikia maji, alimchoma sindano, lakini mkojo ulikuwa umekatika na figo zilikuwa zimekwisha kazi. Karani alikufa kichwa kikiwa mapajani mwa msusi, mchana kweupe, watu wakipita njiani na shughuli zao.

"Wifi, ulimpa wewe?"

"Mbwa tu huyo, jamani! Unataka tumwekee matanga?" Wifi hakukana wala hakukubali. Aliendelea kumenya viazi.

Mume naye alikwaruza ukucha wake uliokuwa na masizi. "Ni dada yangu, mke wangu. Nimtoe nje kwa ajili ya mbwa? Watu watatuonaje?"

"Basi," alisema msusi. "Yamekwisha."

Hayakwisha. Yalishuka tumboni yakakaa. Kilichomuuma zaidi ya kifo chenyewe ni kwamba kisu alikinoa yeye kwa mikono yake, akamkabidhi mwenziwe mezani, na kicheko juu. Alifungua saluni kila asubuhi, akasuka, akaosha, akasikiliza umbea wa wateja, na ndani yake kitu kilikuwa kinasubiri, hakina haraka.

Kisha wifi akapata mchumba, mgane mmoja mwenye duka la vioo, na wazazi wa mchumba wakasema wanakuja kumwona. Wifi akaja saluni anang'aa.

"Wifi yangu, leo nipo mikononi mwako. Nitengeneze mpaka mama mkwe apepese macho."

"Kaa hapa," alisema msusi.

Mteja mwingine alikuwa mmoja tu, mwalimu wa chekechea, ameketi chini ya mashine ya kukaushia. Msusi alimfunga wifi taulo shingoni. Kabla ya kupaka dawa ya kulainisha nywele, msusi yeyote hupaka mafuta kwenye ngozi ya kichwa ili isiungue. Kopo la mafuta lilikuwa hapo karibu na kiwiko chake. Hakuligusa. Alizigawa nywele kwa chanuo, akapaka dawa kutoka kwenye mizizi, nzito, fungu baada ya fungu.

"Inaanza kuchoma, wifi."

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi."

"Mh! Leo inachoma sana lakini."

"Vumilia. Uzuri una gharama yake." Akapandisha sauti ya redio, akaanza kukunja mataulo makavu moja moja.

"Wifi, nioshe!"

"Bado."

Mwalimu alitoa kichwa kwenye mashine, akawatazama, akakirudisha. Wifi alipoanza kulia machozi ya kweli ndipo msusi alipomwinamisha kwenye sinki na kufungua maji. Nywele zilitoka na maji, mafungu kwa mafungu, zikaziba tundu la sinki. Wifi alijitazama kiooni, mabaka mekundu yamechomoza utosini. Akafungua mdomo, macho yao yakakutana mle kiooni, na akaufunga. Alikuwa ameelewa.

Msusi alitarajia kusikia raha, na kweli aliisikia. Ilikuwa raha kali, ya kuumia, kama kukuna kidonda, na hakuionea haya.

Wakweze walipokuja, wifi alijifunga kilemba. Alipoulizwa alisema alijiwekea dawa mwenyewe, akakosea. Angesema nini kingine? Angemtaja msusi, ingebidi na zabibu zitajwe. Mchumba alicheka tu, akamwambia nywele huota, na tarehe ya ndoa ikapangwa palepale.

Mwalimu hakuwa na sababu ya kunyamaza. Habari ilitambaa mtaani: yule msusi anachoma watu kwa makusudi. Viti vya saluni vikaanza kukaa bila watu. Mume alisikia, akarudi nyumbani, akala. "Sikusema lolote la Karani," alisema mwishowe, "na hili pia sina la kusema." Akaenda kulala.

Saluni ikiwa tupu hivyo ndipo wifi alipoingia asubuhi moja, akafungua kilemba. Kichwa kilikuwa kimebaki na vishungi huku na huku, kama shamba lililovamiwa na mbuzi.

"Ninyoe. Siwezi kumwonyesha mtu mwingine."

Msusi alichukua mashine na wembe. Alinyoa polepole, akiyazunguka makovu. Safari hii alipaka mafuta.

"Alizilaje?" aliuliza.

Wifi alijibu upande mmoja ulipoisha. "Kiganjani mwangu. Moja moja. Alipomaliza akanilamba mkono." Aliufunua mkono wake, akautazama. "Sikudhani angenilamba mkono."

Wembe ulisimama nyuma ya sikio. Msusi aliufuta kwa taulo, akaendelea.

"Umenisamehe?"

"Hapana."

"Mimi pia sijakusamehe."

"Inamisha kichwa," alisema msusi, akammalizia kisogo, akampangusa shingo kwa taulo safi.

Wifi aliolewa, akahamia kwa mumewe, na wanapokutana kwenye shughuli za ukoo husalimiana kwa heshima zote. Saluni ilichelewa kuamka. Baada ya miezi mingi yule mwalimu wa chekechea alirudi, akachungulia kwanza mlangoni, akaketi.

"Punguza ncha tu," alisema, "dawa sitaki." Mikono yake ilikuwa imekamata kiti mpaka vifundo vya vidole vimemtoka. Msusi aliviona kiooni. Akachukua mkasi, akaanza kukata.