Mkono wa Fundi na Ganda la Yai

Kila Jumamosi asubuhi tunakuwa watu sita kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, nyuma ya zahanati: mimi, dereva wa lori ambaye vidole vyake vitatu havina habari naye, mwalimu mstaafu, na wengine watatu ambao kila mmoja ana mkono unaojifanya wa mtu mwingine. Tunazunguka meza, barakoa usoni, tunachonga maganda ya mayai. Mimi ndiye ninayewafundisha. Dereva hachoki kuniuliza nilijifunza wapi, na nikimwambia nilifunzwa na mama mkwe, anacheka mpaka barakoa inamtoka. Basi nieleze vizuri, kwa sababu shukrani isiyosemwa hukaa kooni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, miaka ishirini na sita. Karakana nzima wananiita Cheche, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Mwaka jana nilipata kiharusi nikiwa kazini, koleo mkononi. Mguu ulirudi baada ya wiki mbili. Mdomo nao ulirudi, tena mke wangu anasema ulirudi na nyongeza. Mkono wa kulia ukagoma. Nikishika kikombe, chai inanywewa na sakafu. Mtu aliyekuwa akiinua geti peke yake, sasa anafungwa vifungo na mkewe! Nilikuwa nawaka hovyo, mpaka watoto wakawa wanapita wameambaa na ukuta.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu miezi michache kabla ya hapo. Miaka thelathini alitengeneza meno ya bandia, na alipostaafu alibaki na kekee yake ya umeme, ile nyembamba ya kushikwa kama kalamu, akawa anaitumia kuchonga maganda ya mayai. Kazi zake nne ziko kwenye kabati la sebuleni: maua, ndege, majani, ganda limetobolewa hadi limebaki kama lesi. Kusema kweli, hatukuwa tumepatana. Mimi nilimwona ana maringo. Yeye alisema nafunga milango kama nina kesi nayo.

Siku moja baada ya chai akaniita chumbani kwake. Mezani palikuwa na trei ya mayai matupu. Kila moja lilitobolewa kwa chini, kiini na ute vikatolewa kwa bomba la sindano, likasuuzwa na kukaushwa.

"Kaa hapo, baba. Daktari amesema mkono utafutiwe kazi."

"Mama, mimi fundi vyuma. Nitafanya nini na yai?"

"Utalivunja," alisema. "Halafu utavunja la pili. Usiwe na wasiwasi, trei zipo. Ulidhani wiki nzima tunakula mayai kwa raha zetu?"

Nilivunja kumi na saba. Shida haikuwa mkono tu, ilikuwa ufundi wenyewe. Katika kuchomelea, ukikosea unajaza. Shimo linafukiwa, unasaga, unapaka rangi, mwenye geti hajui. Yai halijazwi. Unapochonga unabakiza vijidaraja vyembamba vya kushikilia ganda, na mimi kila nilipoona mstari umepinda, nilirudi kuunyoosha. Nikiunyoosha, kijidaraja kinakonda. Nikiunyoosha tena, kinakatika, na ganda zima linafuata. Nilikuwa natengeneza hadi naharibu.

"Acha palipokosewa," aliniambia. "Sogea mbele. Na penyewe panashikilia ganda."

Lakini kilichoniuma ni kwamba hakuwa ananiangalia. Alikaa kando yangu, uso ameuelekeza dirishani, shingo imepinda kidogo, kama mtu aliyekalishwa na mgeni asiyempenda. "Unakandamiza," anasema bila kugeuka. "Imepenya, toa." Nikimaliza, ananyoosha mkono, anapapasa ganda kwa kidole gumba, anarudisha. Hata jicho halitupi. Nikajisemea moyoni, sawa, mkwe si mtoto wa kumzaa.

Mwezi wa nne tangu kiharusi, akanipa yai la bata bukini, ambalo ganda lake ni nene na linavumilia kazi ndefu. Wakati huo daktari alikuwa ameshaniambia wazi kwamba kinachorudi hurudi miezi ya mwanzo, baada ya hapo ni bahati. Nikalifanya yai hilo kuwa mtihani wangu. Likitoka zima, nina mkono. Likivunjika, nauza mashine ya kuchomelea na kuaga ufundi. Nilimwambia mama mkwe hivyo hivyo. Akaguna tu.

Nikachora mzabibu kwa penseli, nikaanza. Siku ya tisa mstari ulipita vizuri, vizuri kabisa, bila kutetemeka, kutoka kwenye shina mpaka ncha ya jani. Nikageuka nimwonyeshe. Anatazama dirisha. Hasira zikanipanda mpaka utosini.

"Mama, angalia basi hata mara moja! Au nakutia kinyaa?"

Kekee ilikuwa bado inalia mkononi mwangu. Akaushika waya wake, akaufuata kwa vidole taratibu mpaka kwenye swichi, akazima. Ndipo nikaona jinsi anavyopapasa.

"Ningekuwa na macho, baba, ningeangalia," alisema. "Yaliondoka mwaka juzi, presha ya macho. Limebaki la kushoto, nalo linaona mwanga wa dirisha tu. Ndiyo maana nageukia huko."

"Sasa umenifundishaje?"

"Kwa sikio. Ukikandamiza, kekee inanguruma. Ikipenya, sauti inapanda. Wewe mchomeleaji ndiye wa kuniuliza hilo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kazi yangu yote ni ya sikio: chuma kikishika vizuri husikika kama mafuta ya moto kikaangoni, na kikishika vibaya unajua hata kabla hujavua miwani. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Mke wangu alikuwa anajua, kumbe alikatazwa kuniambia; kila akimshika mama mkono wakitembea, mimi nilidhani ni heshima ya mtoto kwa mzazi.

"Ungejua ungenihurumia," mama alisema. "Anayekuhurumia hakubishii. Na wewe ulihitaji mtu wa kubishana naye, la sivyo ungelala kitandani mpaka leo."

Nikamwomba radhi. Nililia pia, na sioni haya kulisema. Kisha akawasha kekee, akanirudishia.

Yai lilikamilika baada ya wiki mbili nyingine. Nikaliloweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo hadi utando wa ndani ukayeyuka, nikalisuuza, nikalikausha. Lilikuwa zima. Majani arobaini na moja, mengine yamepinda na nimeyaacha yapinde. Nikampelekea chumbani, nikamwekea kiganjani. Akaanza kulisoma, jani kwa jani.

"Hapa ulikasirika."

"Ndiyo, mama."

"Hapa mke wako alikuita, ukaitika."

Nikacheka, maana ni kweli. Kidole gumba kikapanda mpaka juu, penye vijidaraja vyembamba kuliko vyote. Uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, na kwa furaha ile ile akakibana kiganja, kama mtu anavyobana mkono wa mjukuu. Ukasikika mlio mdogo wa kuvunjika. Yai likawa vipande mapajani mwake.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akaziba mdomo, akaniangalia mimi, anangoja nilipuke. Hata mimi nilingoja. Hasira haikuja.

Mama alikuwa anapapasa mapajani, anakusanya. "Nimekuvunjia, mwanangu. Nimekuvunjia mtihani wako."

Nikapiga magoti. Nikaviokota vipande kimoja kimoja kwa vidole vya mkono wa kulia, hata vile vidogo kama punje ya mchele, na hakuna kilichoniponyoka. Nilipomaliza nikachukua mkono wake, nikauweka juu ya wangu.

"Mtihani wangu huu hapa, mama. Mzima. Asante."

Akavipapasa vidole vyangu kimoja baada ya kingine, hakufanya haraka, alirudia gumba mara mbili.

"Basi chukua jingine," alisema. "Anza, nisikie."