Kofi la Mehnga

Jumanne saa nne asubuhi Rafaqat alikuwa amekaa studio, Lahore, akipakwa poda, na msichana wa poda akilalamika kwamba shavu lake la kulia ni gumu kama kisigino. Lisiwe gumu kwa nini? Kwa miaka ishirini na miwili, harusini na baadaye jukwaani, Mehnga alikuwa akimuuliza swali la kipumbavu, Rafaqat akilijibu kwa neno alilolibuni papo hapo, na Mehnga akimzaba kofi kwa kipande cha ngozi. Akikwama, alizabwa pia ili aamke. Ndiyo kazi ya wachekeshaji wa huko: mmoja hujibu, mwenzake hupiga.

Televisheni ilimtaka Rafaqat peke yake. Alimwapia Mehnga kwamba akishaingia atamvuta, wala hakuwa anadanganya.

Siku hiyo alisema maneno aliyoandikiwa, hakuna aliyecheka. Akaongeza la kwake, kwamba shemeji yake ni mnene hata harusini hualikwa kwa kadi mbili. Kimya. Ndipo kofi likamjia kutoka hewani, kofia ikaruka, na watazamaji wakavunjika mbavu. Mtayarishaji, Bi Farzeen, aliomba warudie kwa sababu kofia iliziba kamera. Wakarudia, kofi likaja palepale.

Hakuna aliyeuliza linatoka wapi. Mji mzima uliijua ngozi ile kwa sauti yake. Mehnga alikuwa kwake mtaa wa Gawalmandi, anakula dengu, ngozi mkononi, akipiga kutoka huko huko. Fundi wa sauti alimwomba tu Rafaqat asogee kushoto kidogo, kofi lisigonge kipaza sauti.

Baada ya kipindi cha tatu Rafaqat aliomba Mehnga aajiriwe, maana kazi anaifanya tayari.

"Kaka Rafaqat," alisema Bi Farzeen kwa upole, "mtu akiletwa atataka gari, chai na chumba cha kuvalia. Kofi lake linakuja lenyewe. Tumsumbue mzee wa watu kwa nini?"

Basi akagoma. Ijumaa, kipindi kikirushwa moja kwa moja, alisimama mbele ya kamera akafumba mdomo, asiseme neno mpaka mwenzake aletwe. Dakika nzima ikapita. Bi Farzeen akatoka jasho, mkono ukafika kwenye simu, nakwambia alibakiza kidogo tu akubali. Hapo kofi likatua, safi kabisa, na mdomo wa Rafaqat ukajibu wenyewe kwa mazoea. Watu walicheka mpaka wakalia.

Jioni alikwenda Gawalmandi, shavu limevimba. Mehnga alikuwa akiipaka ngozi mafuta.

"Ungezuia mkono dakika moja tu, we mtu. Alikuwa ameshashika simu akuite."

Mehnga alimtazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Ulinyamaza mbele za watu, ndugu yangu. Nilijua umekwama. Nikuache uaibike?"

Rafaqat aliketi. Roho ilimuuma sana. Wakala mikate na dengu.

Kipindi bado kipo. Mwishoni hupita majina ya wote, hadi la anayeleta chai. Mehnga huyasoma polepole kwenye televisheni ya jirani mpaka yaishe bila kuona lake, kisha humwambia jirani kwamba leo Rafaqat alisimama vibaya, ilibidi anyooshe mkono sana.