Beberu Aliyekimbizwa na Ndovu

"Haki ya Mungu, ni kweli tupu. Kama nadanganya, Kathini amchukue beberu wangu."

Hivyo ndivyo nilivyomwapia muuguzi Wakiuru pale kliniki Makindu, mke wangu Kathini akisikia, kidole changu kikiwa kimebanwa na kile kimashine cha kuhesabu moyo. Kilisoma mia moja na nane. Nikaeleza kwamba asubuhi hiyo, barabara ya Kiboko, nilikutana na ndovu, nikatimua mbio na miaka yangu sabini mpaka pikipiki zikanipisha.

Wakiuru hakucheka. "Basi kaa hapo upumzike, mzee."

Nikakaa. Wagonjwa watatu wakaingia na kutoka. Akanibana tena: mia moja na nne.

"Alikuwa ndovu mkubwa," nikasema.

"Mzee, mtu akipumzika, moyo nao unapumzika. Wako unakimbia ukiwa umekaa. Ukikimbia hivyo mwaka baada ya mwaka, unachakaa. Kuna kitu unatumia? Sigara? Muguka, yale majani ya kutafuna?"

"Mimi? Nimeendesha trekta kituo cha utafiti miaka thelathini. Majani ninayoyajua ni ya mtama."

Akamfundisha Kathini kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu, chini ya kidole gumba, kila asubuhi kabla sijainuka. Moyo usipotulia, akasema, twende kwa daktari wa moyo mjini Wote.

Njiani kurudi sikutania mtu. Jirani yetu Musyimi alikufa akiwa amekaa. Hakuwa akilima, hakuwa akigombana na yeyote. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika. Mimi ndiye niliyekitoa kile kikombe vidoleni mwake. Kilikuwa bado cha moto.

Kila asubuhi Kathini alihesabu kwa Kikamba, midomo ikicheza: imwe, ili, itatu... Moyo ulikuwa na haraka kuliko ulimi wake. Alipotea, akaanza upya, akapotea tena. Vidole vyake navyo vilikuwa vikidunda, hata sikujua tunasikiliza mapigo ya nani. Nikigeukia ukuta, sikio kwenye mto, nilisikia kwato. Niliogopa kulala, nikaogopa zaidi kukaa. Na kufikia saa nne hivi, nilikuwa nyuma ya choo, nikiutuliza woga kwa njia ninayoijua mwenyewe.

Siku moja nikatoka nje nikakuta suti yangu nyeusi imeanikwa kwenye kamba. Ya Musyimi nayo ilianikwa hivyo hivyo kabla ya maziko yake.

"Kathini, hiyo suti ni ya nini?"

"Ya kwenda Wote. Ama unataka daktari akuone na koti la trekta?" Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia tayari.

Hapo ndipo nilipokumbuka mfuko wa ndani wa koti, na nilichokificha humo. Nilikuwa nimechelewa. Beberu alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, kichwa chote ndani ya koti, akitafuna kwa utaratibu kama mtu aliyealikwa.

Hakukaa sana. Aliruka ua, akarudi, akapanda juu ya tangi la maji, akasimama pale akihutubia kijiji kama mgombea kiti. Alipoteleza chini Kathini akamkamata pembe, akamwekea mkono ubavuni. Midomo ikaanza kucheza: imwe, ili, itatu... Akapotea. Akainama, akaokota jani lililodondoka, akalinusa.

"Baba Mutindi. Na huyu naye amekimbizwa na ndovu?"

Nikalitoa koti kwenye kamba, nikaanza kulikunja, mfuko ukiwa ndani.

Akaketi juu ya debe, jani mkononi. "Kila asubuhi nimekuwa nikikuzika," akasema polepole. "Kila asubuhi. Unasikia?"

Nilisikia. Nasikia mpaka leo.

Jumamosi akaja Mahad, mnunuzi wa mbuzi wa Makindu. Kamba nilimkabidhi mimi mwenyewe. Kathini alisimama mlangoni kuhakikisha; kiapo ni kiapo. Pesa zikaenda kwa vipimo vya moyo, maana Wakiuru, tulipomwambia ukweli, alisema huenda muguka si sababu pekee. Mahad akampapasa yule mnyama shingoni. "Mbuzi mpole huyu, mzee."

Sasa sitafuni kitu ila ugali. Majibu ya vipimo vya Wote bado hayajatoka. Leo alfajiri vidole viwili vilinikuta macho, kama kawaida, nikaisikia hesabu ikienda taratibu kidogo kuliko jana, kisha ikasimama katikati.

"Nini? Ngapi? Umesikia nini?"

"Nyamaza, Baba Mutindi," akasema. "Ukiongea, unaongeza."