Kioo Kilichoingia Ukungu

Saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, kioo cha mbele cha gari kilikuwa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Jioni iliyotangulia kilikuwa safi.

Gari lenyewe lilikuwa la plastiki, urefu wake shubiri moja, la kuunga kipande kwa kipande. Lilikuwa juu ya gazeti kwenye meza ya sebuleni, karibu na cherehani. Mke wa mwenye gari, fundi wa nguo, aliweka kikombe chini na kuinama. Alipitisha kitambaa nje ya kioo. Ukungu ulikuwa kwa ndani.

Alijua alichofanya, ila hakujua kimeharibu vipi. Jana, mume wake alipokwenda kujinyoosha, alimwachia agizo moja: vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe. Yeye aliitazama ile gundi nyeupe akaiona kama uji wa mgonjwa. Katika kazi yake hakuamini mshono kabla ya kuuvuta. Basi akachukua gundi kali, ile inayoshika vidole, akatia matone manne kwenye pembe, kioo kikakaa kimya. Alilala akijisifu. Kumbe gundi hiyo ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ukikuta plastiki angavu huiachia weupe. Kila anayeanza kuunga magari haya hulifanya kosa hilo mara moja, akiwa peke yake, wakati anayejua yuko chumba cha pili.

Mume alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mtaani walimwita Meno, hata wale ambao hawakupungukiwa na jino hata moja. Miaka yote ya kazi alirudi nyumbani na kukaa kwenye meza hii kuunga magari. Rafu ya ukutani ilijaa. Kisha kiharusi kikampitia. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Alijaribu gari moja, likamshinda, akakigeuza kiti kuelekea dirishani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kujibu tu. Ukimuuliza, anajibu; usipomuuliza, ametulia kama maji mtungini.

Ndipo binti yao, mhasibu, alipokuja na kisanduku kipya. Kiwanda kilikuwa kimeitoa stoo kalibu ya zamani ya kumiminia gari hilo, kikaitia plastiki tena, na gari lililokwisha kupotea madukani likarudi na picha mpya kifunikoni. Mzee aliisoma karatasi ya maelekezo mwanzo mpaka mwisho, akaikunja, akairudisha ndani. Mke alisema kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka, kwamba mikono anayo yeye. Mume alete macho tu.

Wakaanza. Mume alielekeza, mke alikata na kubandika. Wiki ya pili walikwisha kugombana juu ya rangi ya viti. Wiki ya tatu mzee aliitisha chai mwenyewe, akalalamika kwamba haina sukari. Kwa hiyo aliyeinama juu ya meza asubuhi hiyo hakuwa anaogopea kioo. Aliogopa kiti kisirudi dirishani.

Na lilikuwepo jambo jingine. Gari hilohilo, la toleo la kwanza, lilikuwa ndani ya kisanduku chake juu ya kabati la chumbani tangu mwaka aliozaliwa binti, karatasi ya nailoni haijachanwa. Mume alimweleza kanuni mapema katika ndoa: la kuunga ni la kuunga, la kutunza ni la kutunza, na kisanduku kikifunguliwa kimekufa. Mke alikipa jina la mke mwenza. Binti alikuwa akisema, "Baba, kile kisanduku umekilea vizuri kuliko ulivyonilea mimi. Hata mvua hakijawahi kunyeshewa."

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mzee akaja, akakaa, akavaa miwani, akalivuta gari karibu.

"Gundi gani hii?" akauliza.

"Kali."

"Nyeupe ilikuwa imekwisha?"

"Ilikuwepo. Sikuiamini."

Mzee alivua miwani, akainuka, akarudi chumbani. Mke alisubiri kusikia kitanda kikilia. Alichosikia ni kigoda kikiburutwa sakafuni. Alikwenda mbio akamkuta mume amekwisha kupanda, mkono mmoja kwenye kabati.

"Shuka, baba. Nitakishusha mimi."

"Wewe shika kigoda."

Alikishika kwa mikono miwili na goti. Kisanduku kilishuka na vumbi lake. Walikiweka mezani, mzee akaanza kuitafuta pembe ya nailoni kwa ukucha. Kidole kiliruka huku na huku. Mke alimkumbusha kanuni yake mwenyewe, kwamba kikifunguliwa kimekufa. Mume alisema kalibu ni ileile, kioo kitaingia, akaendelea kukwaruza.

Kwenye droo ya cherehani kulikuwa na mkasi wa vitambaa. Haukuwahi kukata karatasi, wala nailoni, wala kamba. Binti aliwahi kuchapwa kwa sababu yake. Mke aliutoa, akauweka mbele ya mume. Mzee aliutazama mkasi, akamtazama mwenye mkasi, akakata.

Ndani mlikuwa na harufu ya duka lililofungwa siku nyingi. Vipande vya mwili wa gari vilikuwa vizima, bado vimeshikana kwenye vijiti vyake. Matairi manne laini yalikuwa yamelala juu ya kioo cha mbele. Mzee alipoyainua, hayakutoka mara moja. Yaliachia kwa kunata. Kwenye kioo ziliachwa duara mbili, zimezama kama alama za glasi ya moto juu ya meza.

Alimweleza mke taratibu. Matairi ya wakati ule yalikuwa na mafuta ndani yake, na mafuta hayo huila plastiki ngumu polepole. Kwenye toleo jipya yamefungwa mfuko wa peke yake. Haya hayakufungwa. Yalikuwa yakila tangu siku kisanduku kilipopandishwa kabatini.

Mke alikishika kioo kwenye mwanga, akakigeuza.

"Kumbe mwenzangu naye ana makunyanzi."

Mzee alicheka. Tangu augue, kicheko chake kilivuta upande mmoja wa mdomo. Alicheka mpaka akashika meza.

Baadaye alimwambia akitoe kile cheupe. Mke alibonyeza kwa ndani kwa kidole gumba. Kikatoka kwa mlio mmoja mkavu, maana gundi kali ina nguvu lakini haina uvumilivu. Kisha akatumwa uvunguni kwa sanduku la kazi. Alirudi na kopo la chaki laini ya kung'arishia meno ya bandia.

"Plastiki ni plastiki," mzee alisema. "Watu wametabasamu kwa chaki hii."

Alilowesha kitambaa cha pamba, akakizungusha kidoleni, akachovya. Mkono ulitetemeka, matone yakaanguka kwenye gazeti. Mke alinyoosha wake ili amsaidie.

"Hii siyo yako. Wewe shika kioo. Kazi hii inataka mkono usiotulia."

Akaweka kidole juu ya kioo na kuuacha mkono ufanye unachofanya siku zote. Kitambaa kilikwenda na kurudi, kifupi, haraka, bila kupumzika. Mke alishikilia kingo kwa ncha za vidole, kama anavyoshika pindo la hariri. Walisuuza, wakatazama, wakarudia. Weupe uliondoka katikati kwanza, halafu pembeni. Kwenye pembe moja ya chini ulibaki kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Mzee alisema dereva hatazami huko.

Gundi nyeupe mke aliitia mwenyewe, kwa ncha ya pini, akipunguza kila tone. Kioo kikaingia. Usukani ulionekana, na viti walivyogombania rangi yake.

Mzee alikivuta kisanduku cha zamani, akatoa vipande vya chini ya gari pamoja na vijiti vyake, akampa mke koleo la kukatia.

"Anza na matairi," alisema. "Yatenge kabla hayajala kingine."

Mke alimwaga vifungo kutoka kwenye kopo lake la bati, akayaweka matairi manne humo peke yake, akafunga kifuniko.